Seva ya zamani imegoma kuwaka baada ya kuapdeti? Fanya haya kabla ya kufomati

Umeme umekatika saa nane usiku Mji Mkongwe. UPS imejikongoja dakika kumi, kisha seva ikazimika. Asubuhi umeme umerudi, taa za seva zinawaka na feni zinavuma kama kawaida, lakini kwenye skrini yamebaki maandishi meupe tu, mfumo hauji. Mapokezi ya hoteli hawaioni orodha ya wageni, boti ya kwanza kutoka Dar ishafunga gati Malindi, na macho yote yako kwa fundi.

Neno la kwanza kusikika ni "umeme umeiua". Mara nyingi umeme unasingiziwa. Umeme umefichua tu kosa lililokuwa limelala ndani ya mashine kwa wiki au miezi, tangu siku ile programu zilipoapdetiwa.

Kwa ufupi

- Seva kugoma kuwaka haimaanishi data imepotea. Mara nyingi data iko salama kwenye diski.
- Usifomati, na usikubali kufuta chochote kwenye kidhibiti cha RAID.
- Piga picha ya skrini. Mahali seva iliposimama ndipo tatizo lilipo.
- Jaribu kerneli ya zamani kwanza. Mara nyingi inatosha kurudisha kazi.
- Seva nyingi za miaka ya 2008 hadi 2012 hugoma kwa sababu mfumo mpya umeacha kuzitambua.

Kwa nini kosa la apdeti linaonekana siku umeme ukikatika?

Seva ikiapdetiwa, kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, huandikwa kwenye diski. Ile ya zamani inaendelea kufanya kazi kwenye memori mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Seva ya ofisini inaweza kukaa nusu mwaka bila kuzimwa. Kwa hiyo apdeti iliyofanywa Shaaban inaweza kujaribiwa kwa mara ya kwanza katikati ya Ramadhani, usiku wa manane, bila mtu yeyote kupanga.

Unguja inalijua vizuri suala la umeme. Kisiwa kinapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Mwaka 2008 waya huo uliharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ukaharibika tena Disemba 2009, na safari hiyo giza lilidumu kama miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa nafuu, lakini umeme wa kukatika na kurudi haujaisha. Kila unaporudi, kila seva isiyo na UPS ya maana inafanyiwa mtihani wa kuwaka upya.

Umeme nao una makosa yake. Betri ndogo ya mviringo kwenye bodi mama, aina ya CR2032, ikifa, mashine ikikosa umeme inasahau mipangilio ya BIOS. Diski zilizokuwa kwenye hali ya AHCI zinarudi hali nyingine, au uwashaji wa UEFI unageuka kuwa ule wa zamani. Saa pia inarudi nyuma miaka mingi. Ndiyo maana jambo la kwanza kuangalia ndani ya BIOS ni tarehe. Ikiwa inasoma mwaka uliopita zamani, betri imekwisha, na huenda apdeti haina hatia.

Saa hiyo ina madhara mengine. Kwenye mtandao unaotumia Active Directory, kompyuta ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida watu hawawezi kuingia hata kama seva imewaka vizuri.

Kabla ya kugusa kitu

Fundi mwenye haraka huchomeka flashi, anaweka mfumo upya, na ndani ya saa moja seva inawaka. Halafu bosi anauliza mafaili ya miaka sita yako wapi. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Kwanza, piga picha ya kila kitu kinachoonekana kwenye skrini kwa simu, kuanzia sekunde ya kwanza. Ikiwa maandishi yanapita mbio, chukua video.

Pili, kidhibiti cha RAID kikisema kimeona "Foreign Configuration", tulia. Maana yake kimekuta diski zenye mpangilio kisioukumbuka. Ukiona "Clear" au "Initialize", usibonyeze. "Clear" inafuta mpangilio wa diski, na "Initialize" inaweza kufuta data yenyewe. Hakikisha diski zote zipo kwenye nafasi zake, hakuna iliyolegea, kisha ndipo ufikirie "Import".

Tatu, kama hakuna bakapu ya karibuni, tengeneza nakala ya diski kabla ya matengenezo yoyote. Seva inawashwa kwa flashi yenye Linux, na nakala inapelekwa kwenye diski ya nje.

Nne, ondoa flashi na diski za nje zilizosahaulika. Mara nyingine seva inajaribu kuwaka kutoka kwenye flashi ya mtu yenye nyimbo.

Seva imesimama wapi?

Kuwaka kwa seva ni kama safari ya daladala yenye vituo. BIOS inajikagua, kidhibiti kinazitafuta diski, programu ya kuwashia inaitwa, kerneli inapakiwa, diski kuu inafunguliwa, halafu huduma zinaanza. Jua kituo cha mwisho, na utajua pa kutafuta.

*Skrini nyeusi, au milio ya "pii pii".* Hapa hata mfumo haujafikiwa. Angalia memori, pawa saplai na waya. Hewa ya bahari ya Mji Mkongwe ina chumvi na unyevu, na miguu ya memori inashika kutu taratibu. Zima, chomoa umeme, toa memori, safisha sehemu za mguso, rudisha moja moja. Apdeti inahusika hapa pale tu BIOS yenyewe ilipoapdetiwa.

*"No boot device found".* Mashine haioni pa kuanzia. Angalia betri ya BIOS, mpangilio wa diski ya kwanza, na kama hali ya UEFI imebadilika. Ingia pia kwenye kidhibiti cha RAID uone kama diski zote zinaonekana.

*"grub rescue>", au "symbol 'grub_calloc' not found".* Programu ya kuwashia, GRUB, haijakaa sawa. Ujumbe huu wa pili uliwatesa wengi mwaka 2020. Sababu yake ni ya seva za zamani hasa: GRUB mpya iliandikwa kwenye diski moja, wakati BIOS inaanza na diski nyingine yenye GRUB ya zamani. Vipande viwili vya umri tofauti haviwezi kuelewana. Tiba ni kuwasha kwa flashi, kuingia ndani ya mfumo, na kuandika GRUB upya kwa amri ya grub-install kwenye diski zote zinazoweza kuanzia.

*"Kernel panic – not syncing: VFS: Unable to mount root fs".* Kerneli imepakiwa lakini haijaweza kufungua diski kuu. Mara nyingi sehemu ya /boot imejaa. Seva zilizowekwa zamani ziliachiwa nafasi ndogo, megabaiti 200 au 500. Kerneli zikirundikana, faili la msaada liitwalo initramfs linaandikwa nusu au halipo kabisa. Washa kerneli ya zamani, angalia nafasi kwa amri ya df -h /boot, ondoa kerneli zisizotumika kwa njia ya kawaida ya mfumo, kisha tengeneza initramfs upya. Kwenye Debian na Ubuntu ni update-initramfs -u -k all. Kwenye familia ya Red Hat ni dracut -f --regenerate-all.

*"dracut-initqueue timeout", halafu "dracut:/#".* Mfumo umeingoja diski, haikutokea. Kwenye seva ya zamani, hii ndiyo dalili kubwa ya draiva iliyoondolewa. Maelezo yako hapo chini.

*"Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2", au v3.* Prosesa ni ya zamani kuliko mfumo unavyotaka. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hili. Inabidi kurudi kwenye toleo lililotangulia.

*"You are in emergency mode".* Habari njema kidogo, kwa sababu mfumo umefika mbali. Kagua faili la /etc/fstab. Huenda kuna diski iliyotajwa kwa jina kama /dev/sdb, na baada ya apdeti majina yamepishana. Tumia UUID badala ya jina, na kwa diski isiyo ya lazima ongeza neno nofail ili siku isipokuwepo seva isikwame.

*Skrini ya buluu, "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE".* Hii ni Windows, na inasema haiifikii diski yake. Angalia kwanza kama hali ya diski kwenye BIOS imebadilika. Ikiwa haijabadilika, ingia kwenye mazingira ya uokoaji na uondoe apdeti ya mwisho.

Njia ya haraka: rudi kerneli ya zamani

Kwenye Linux, apdeti ya kawaida haifuti kerneli iliyokuwa ikifanya kazi. Seva inapoanza, bonyeza Esc au Shift ili menyu ya GRUB itokee, kisha chagua kerneli ya pili kwenye orodha. Kwenye Ubuntu iko ndani ya "Advanced options".

Ikiwaka, kazi inaendelea. Mapokezi wanapata orodha yao, na fundi anapata muda wa kutafuta chanzo bila kelele za watu mgongoni. Ila aifanye kerneli hiyo kuwa chaguo la kwanza. Asipofanya hivyo, umeme ukikatika tena mchana, mchezo unaanza upya.

Njia hii haisaidii pale mfumo mzima ulipopandishwa toleo, kwa mfano kutoka la 7 hadi la 8. Hapo vilivyobadilika ni vingi, na kinachookoa ni bakapu.

Kwa nini za zamani ndizo zinazoteseka?

Seva nyingi visiwani zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika. Mashine kama Dell PowerEdge R710 na HP ProLiant DL380 G7 bado ni imara, na spea zake zinapatikana. Matatizo yanatoka upande wa programu, na yako makundi matatu.

La kwanza ni draiva za RAID. Red Hat Enterprise Linux 8 na mifumo ndugu zake iliacha kuzitambua kadi nyingi za zamani, ikiwemo PERC 6/i ya Dell na Smart Array P410i ya HP. Kadi ni nzima na diski ni nzima, ila mfumo mpya haujui kuongea nazo. Fundi asiyejua hili anaweza kutupa kadi nzima au kununua diski mpya Kariakoo bure.

Suluhisho lipo. Mradi wa ELRepo hutoa draiva hizo kando. Na Mei 2024, AlmaLinux 9.4 ilirudisha utambuzi wa kadi nyingi za zamani ambazo Red Hat ilikuwa imezifunga, zikiwemo zinazotumia draiva za hpsa na megaraid_sas.

La pili ni prosesa. Red Hat 9 inataka kiwango cha x86-64-v2. Red Hat 10, iliyotoka Mei 2025, inataka x86-64-v3, ambacho kinahitaji AVX2. Prosesa za Intel zenye AVX2 zilianza kutoka mwaka 2013, kwa hiyo R710 ya mwaka 2009 inakubali toleo la 9 na inakataa la 10. AlmaLinux 10 ina toleo la pembeni la v2 kwa mashine kama hizi. Windows Server 2025 nayo inadai SSE4.2 na POPCNT. Na mwenye mashine ya biti 32 ajue kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli ya kuiwashia.

Kujua mapema ni rahisi. Kwenye Linux andika lscpu, kisha tafuta maneno sse4_2 na avx2. Yakikosekana, usipandishe toleo kabla ya kusoma masharti yake.

La tatu ni saini za Secure Boot. Mfumo huu huruhusu programu yenye saini inayotambulika tu kuwaka. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, vinavyotegemewa na mashine nyingi, muda wake unaanza kuisha Juni 2026. Seva ambayo haipati tena apdeti za BIOS inahitaji kuangaliwa suala hili mapema.

Hata wakubwa wamekwama

Anayegomewa na seva Shangani au Mkunazini asijione mjinga. Mwishoni mwa Julai 2020 ilitolewa apdeti ya kuziba tundu la usalama la GRUB lililoitwa BootHole. Apdeti hiyo hiyo ilifanya seva nyingi za Red Hat na CentOS zishindwe kuwaka, na ikabidi itolewe nyingine ya kurekebisha.

Tarehe 19 Julai 2024 apdeti yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Tiba ilikuwa nyepesi, kufuta faili moja tu, lakini mtu alilazimika kuifikia mashine moja moja. Wengi walikwama mbele ya BitLocker, kwa sababu ufunguo wa kufungulia diski ulihifadhiwa kwenye seva nyingine iliyokuwa nayo imezimika.

Somo lake linafaa hata kwa ofisi yenye seva moja: ufunguo wa diski na nywila ya msimamizi viandikwe kwenye karatasi na vifungiwe kabatini, mbali na seva yenyewe.

Tengeneza, baki, au hama?

Seva ikishawaka, kuna uamuzi wa kufanya. Kurudi toleo la zamani na kukaa humo milele kuna hatari yake. CentOS 7 iliacha kupata apdeti tarehe 30 Juni 2024, na seva ya aina hiyo ikiwa wazi kwenye intaneti ni mlango usio na komeo. Windows Server 2016 inafikia ukomo wake tarehe 12 Januari 2027.

Kwa seva ya Linux ya umri wa R710, njia ya katikati ni kuhamia toleo ambalo mashine inalimudu na bado linatunzwa. AlmaLinux 8 itapata apdeti za usalama hadi 2029, na AlmaLinux 9 hadi 2032. Hiyo ni miaka ya kutosha kukusanya fedha za mashine mpya.

Ikiwa seva inabeba kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya skuli au mishahara, hesabu inabadilika. Siku moja ya kituo cha afya kufanya kazi bila mafaili ina gharama ambayo haionekani kwenye risiti ya dukani. Mashine ya aina hiyo isisubiri ife ndipo itafutiwe mrithi.

Siku nyingine kabla ya kuapdeti

- Zima na washa kwanza. Fanya hivyo kabla ya apdeti. Ikigoma, utajua kosa lilikuwepo tayari, na hutailaumu apdeti.
- Jaribu bakapu. Rudisha faili moja au mawili uone kama yanafunguka. Bakapu isiyojaribiwa ni matumaini tu.
- Andaa flashi mbili. Moja ya mfumo mpya, nyingine ya toleo lile lile la zamani, kwa sababu la zamani bado linaitambua kadi yako ya RAID.
- Soma ripoti ya ukaguzi. Kwenye familia ya Red Hat, amri ya leapp preupgrade inaonya kuhusu draiva zilizoondolewa kabla ya kubadilisha chochote.
- Angalia /boot na betri ya BIOS. CR2032 ni bei ndogo, na inabadilishwa kwa dakika tano.
- Washa upya mara tu baada ya apdeti. Usiuachie umeme ukuchagulie siku.
- Chagua wakati. Alkhamisi jioni si wakati wake, kwa sababu Ijumaa mchana watu wako msikitini na wikiendi iko mlangoni. Jumanne asubuhi, msimu wa wageni wachache, ni bora zaidi. Kifaa kikihitajika kutoka Dar, kuna boti ya mchana.

Na UPS iangaliwe kama inaongea na seva kwa waya wake wa data. UPS nyingi zina uwezo wa kuiambia seva ijizime taratibu betri inapokaribia kwisha, lakini waya huo unabaki ndani ya boksi. Ukichomekwa na programu yake ikawekwa, umeme ukikatika saa nane usiku seva itafunga mafaili yake yenyewe, hata kama fundi amelala Fuoni.